Seneta asiye na kura juu ya kodi: jinsi Sheria ya Fedha ya Kenya ilivyohojiwa hadi Mahakama ya Juu

Oktoba 29, 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, iliirejesha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ambayo miezi mitatu kabla Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeibatilisha yote. Kwa uamuzi huo, serikali ya Rais William Ruto iliepuka hatari ya kupoteza msingi wa kisheria wa baadhi ya kodi zake muhimu. Mtu aliyekuwa mstari wa mbele kuifikisha serikali mahali hapo hakuwa kiongozi wa chama kikubwa cha upinzani, wala si mwanasheria kitaaluma. Ni Okiya Omtatah, seneta wa kaunti ya Busia, iliyoko mpakani mwa Kenya na Uganda.

Jambo linalowashangaza wengi wanaoitazama Kenya kutoka nje ni kwamba Omtatah, ingawa ni mjumbe wa Bunge, hakuwa na kura hata moja sheria hiyo ilipokuwa ikipitishwa. Safari ya kesi yake, kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Juu, inaeleza namna kodi inavyotungwa katika nchi hiyo jirani. Inaeleza pia swali ambalo bado halijapata jibu kamili: mwananchi anapotoa maoni yake juu ya kodi, je, ana haki ya kusikilizwa tu, au ana haki ya kujibiwa pia?

Nani ana kauli juu ya kodi?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 210, inaelekeza kwamba kodi haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba serikali haiwezi kuamka asubuhi na kutangaza kodi mpya. Ni lazima ipitie Bunge.

Hata hivyo, Bunge la Kenya lina mabaraza mawili, na si yote mawili yenye kauli katika jambo hili. Bunge la Taifa, lenye wajumbe 349 mbali na Spika, ndilo lenye mamlaka juu ya miswada inayohusu kodi na matumizi ya serikali kuu. Seneti, yenye wajumbe 67 mbali na Spika, iliundwa kulinda maslahi ya kaunti 47 za nchi hiyo. Seneti hushiriki kuamua namna mapato ya taifa yanavyogawanywa kwa kaunti, lakini haipigi kura juu ya muswada unaohesabiwa kuwa wa fedha tu. Muswada wa namna hiyo huanzia Bunge la Taifa na kumalizikia huko huko.

Kuna tofauti nyingine ambayo msomaji wa Tanzania anapaswa kuizingatia. Nchini Tanzania, Waziri wa Fedha ni mbunge, na yeye ndiye anayesimama bungeni kuutetea muswada wake. Nchini Kenya mawaziri si wabunge. Muswada wa Fedha hutoka Hazina ya Taifa, lakini anayeubeba ukumbini ni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Taifa. Kamati hiyo ndiyo hupokea maoni ya wananchi, wafanyabiashara, wahasibu na vyama vya wafanyakazi, kisha huandaa ripoti inayoeleza vifungu gani vibaki, vipi virekebishwe na vipi viondolewe.

Kwa hiyo, uzito wa kuhoji kodi nchini Kenya uko zaidi katika kamati kuliko katika hotuba za ukumbini. Ibara ya 118 ya Katiba inaitaka Bunge iendeshe shughuli zake kwa uwazi na kuushirikisha umma. Kamati ya Fedha ndiyo mlango ambao umma huingilia.

Sheria iliyozua kesi

Muswada wa Fedha wa mwaka 2023 ulikuwa wa kwanza kuandaliwa na serikali ya Rais Ruto tangu aingie madarakani Septemba 2022. Serikali ilirithi deni kubwa na hazina iliyobanwa, na ikaamua kutafuta fedha zaidi ndani ya nchi.

Miongoni mwa hatua zilizomo, kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ya petroli, dizeli na ya taa ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Wafanyakazi waliingizwa katika tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, huku mwajiri naye akitakiwa kuongeza kiwango kama hicho kwa kila mfanyakazi. Wenye mishahara mikubwa waliwekewa viwango vipya: asilimia 32.5 kwa kipato cha kati ya shilingi za Kenya 500,000 na 800,000 kwa mwezi, na asilimia 35 kwa kinachozidi hapo. Wafanyabiashara wadogo wanaolipa kodi kwa kuangalia mauzo walipandishiwa kiwango kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3.

Bungeni, hesabu ya kura haikuwa na mashaka. Katika hatua ya kusomwa mara ya pili, Juni 14, 2023, wabunge 176 waliunga mkono na 81 wakapinga. Rais aliutia saini Juni 26. Siku nne baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wake kwa muda, kufuatia ombi la Omtatah na wenzake. Julai 28, Mahakama ya Rufaa iliondoa zuio hilo, na kodi zikaendelea kukusanywa wakati kesi ikisubiri kusikilizwa.

Hoja haikuwa ukubwa wa kodi

Omtatah alijulikana kwa miaka mingi kama mwanaharakati anayeishitaki serikali kwa kutumia vifungu vya Katiba, kabla hajachaguliwa kuwa seneta mwaka 2022. Katiba ya Kenya inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani akiamini kwamba Katiba imevunjwa, hata kama yeye binafsi hakuumizwa na jambo analolilalamikia. Mlango huo ndio alioutumia, na kesi nyingine kadhaa zikaunganishwa na ya kwake.

Ni muhimu kuelewa kile ambacho mahakama iliombwa kuamua. Majaji hawakuombwa kusema kama asilimia 16 ni nyingi au kidogo. Hilo ni suala la sera, na mahakama za Kenya huwaachia wanasiasa. Waliombwa kuangalia njia iliyofuatwa.

Hoja ya kwanza ilihusu Seneti. Katiba inataka maspika wa mabaraza yote mawili wakubaliane kwanza kama muswada unahusu kaunti au la, kabla haujajadiliwa. Walalamikaji walidai kwamba hilo halikufanyika ipasavyo, na kwamba Seneti ilinyimwa nafasi yake.

Hoja ya pili ilihusu yaliyomo. Muswada wa fedha unapaswa kubeba mambo ya fedha, lakini huu, walidai, ulichanganya na mambo mengine ambayo yalistahili kupitia njia ya kawaida ya kutunga sheria.

Hoja ya tatu, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa nzito kuliko zote, ilihusu ushirikishwaji wa umma. Wananchi walitoa maoni mengi mbele ya kamati. Lakini baada ya hapo, vifungu vipya viliingizwa ambavyo wananchi hawakuwahi kuviona. Vilevile, walalamikaji walisema Bunge halikueleza kwa nini lilikubali maoni haya na kuyakataa yale.

Mahakama tatu, majibu matatu

Mahakama Kuu ilitoa hukumu Novemba 28, 2023. Majaji watatu waliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, na hawakukubali kwamba kasoro ya maspika kutokubaliana ilitosha kuiangusha. Lakini waliibatilisha tozo ya nyumba, wakieleza kwamba haikuwa na mfumo kamili wa kisheria na kwamba iliwabagua walioajiriwa rasmi kwa kuwatoza wao na kuwaacha watu wengine wenye kipato. Vifungu vichache visivyohusu kodi navyo viliondolewa.

Hapo ndipo matokeo ya kesi yalipoanza kuonekana nje ya mahakama. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuiruhusu serikali iendelee kukata tozo hiyo. Serikali ikarudi bungeni na sheria mpya, Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, ambayo Rais aliitia saini Machi 19, 2024. Safari hii tozo iliwekwa kwa watu wenye vipato visivyo vya mshahara pia. Kwa mfanyakazi wa kawaida, makato yalirudi kwenye hati yake ya mshahara kwa kiwango kile kile. Kilichobadilika ni kwamba tozo ilipata sheria yake yenyewe.

Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa ilikwenda mbali zaidi. Iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 yote, kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho. Majaji walisema kwamba kuwaita watu watoe maoni, kisha kukaa kimya juu ya yale yaliyokataliwa, hakutoshi. Bunge lilipaswa kutoa sababu. Pia walisema vifungu vilivyoingizwa baada ya maoni kukusanywa vilistahili kurudishwa kwa wananchi.

Hazina ya Taifa ilikimbilia Mahakama ya Juu, ambayo Agosti 20 ilisimamisha hukumu hiyo kwa muda ili kulinda mapato ya serikali. Hatimaye, Oktoba 29, ilitoa uamuzi wake wa mwisho. Ilisema kwamba ushirikishwaji uliofanyika ulitosha. Ilisema Katiba haiweki wazi wajibu wa Bunge kutoa sababu za maandishi kwa maoni inayoyakubali au kuyakataa, na kwamba si kila marekebisho yanayofanywa na wabunge baada ya maoni kukusanywa yanalazimika kurudishwa kwa umma. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisisitiza umuhimu wa Bunge kuwa wazi katika kazi hiyo, na wakahimiza itungwe sheria mahususi itakayoeleza ushirikishwaji wa umma ufanyike vipi.

Kwa maneno mengine, seneta alishindwa kesi, lakini swali lake lilibaki mezani.

Yaliyotokea mitaani kabla ya hukumu

Hukumu ya Mahakama ya Rufaa ilitoka katika kipindi kigumu kwa serikali. Wiki tano tu kabla yake, Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulikuwa umeanguka kwa namna ambayo Kenya haikuwahi kuishuhudia.

Muswada huo ulilenga kuongeza mapato kwa takriban shilingi za Kenya bilioni 346. Ulipendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Vijana walianza kuusoma kifungu kwa kifungu na kuufafanua mitandaoni kwa lugha wanazozungumza kila siku, Kiswahili na Sheng zikiwamo. Kazi ambayo kwa kawaida ni ya wajumbe wa kamati na wahasibu ikawa mazungumzo ya vijiwe na vyuo.

Juni 18, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kwamba mapendekezo hayo matatu, pamoja na mengine, yameondolewa. Kwa wengi, tangazo hilo lilichelewa. Juni 20, wabunge 204 waliunga mkono muswada katika hatua ya pili, na 115 wakaupinga. Juni 25, ulipopigiwa kura ya mwisho, 195 walisema ndiyo na 106 wakasema hapana. Mchana huo huo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na polisi wakafyatua risasi za moto. Kufikia Julai 1, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu vifo 39 vilivyotokana na maandamano hayo nchini.

Juni 26, Rais Ruto alikataa kuutia saini muswada na kuurudisha bungeni akipendekeza vifungu vyote vifutwe. Mwezi uliofuata alivunja karibu baraza lake lote la mawaziri.

Tukio hilo linaonyesha kwa nini hoja ya kujibiwa ina uzito. Kamati ilikuwa imewasikia wananchi, na kwa kweli ilirekebisha mambo mengi waliyoyalalamikia. Lakini imani ilikuwa imekwisha. Waliopinga hawakuamini tena kwamba kilichoondolewa mlango wa mbele hakitaingizwa kwa mlango wa nyuma.

Serikali nayo ina hesabu zake

Ingekuwa si haki kuisimulia kesi hii bila kueleza upande wa Hazina ya Taifa. Kufikia katikati ya mwaka 2024, deni la umma la Kenya lilikuwa limezidi shilingi trilioni 10. Mwezi Juni mwaka huo dhamana ya kimataifa ya dola za Marekani bilioni 2 ilikuwa inaiva, na mwezi Februari serikali ililazimika kukopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kuanza kuilipa. Serikali inayokopa kwa riba ya namna hiyo ina sababu ya kutafuta kodi nyumbani.

Hoja ya pili ya serikali ni ya utulivu. Bajeti ni mpango wa mwaka mzima: mishahara ya walimu, dawa za hospitali, fedha za kaunti. Kodi ikibatilishwa mwaka ukiwa katikati, pengo halizibwi kwa hotuba. Baada ya muswada wa 2024 kuondolewa, Sheria ya 2023 ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo, na ndiyo maana hukumu ya Julai iliitia serikali hofu kubwa.

Aliyepewa jukumu la kuibeba hoja hiyo ni John Mbadi, aliyeapishwa kuwa waziri wa Hazina ya Taifa Agosti 2024. Hadi wakati huo alikuwa mbunge wa upinzani na mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, yaani kamati inayoikagua serikali juu ya fedha ilizotumia. Aliyekuwa akiuliza maswali akawa wa kuyajibu. Kufikia Desemba mwaka huo, baadhi ya hatua za kodi zilirudi kupitia sheria nyingine za marekebisho ya kodi.

Je, kuhoji kumeleta mabadiliko?

Kipimo kizuri ni Muswada wa Fedha wa mwaka 2025. Safari hii serikali ilikwepa kupandisha kodi za bidhaa za kila siku, na hata ikawapunguzia wafanyakazi mzigo kwa kuinua kiwango cha posho ya safari kisichotozwa kodi kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku.

Pendekezo lililozua ubishi lilikuwa la kuiruhusu Mamlaka ya Mapato ya Kenya kufikia taarifa binafsi na siri za kibiashara za walipakodi, ambazo sheria ilikuwa ikizilinda. Wananchi na wataalamu walipinga mbele ya Kamati ya Fedha, na kamati ikalikataa pendekezo hilo. Sheria ilitiwa saini Juni 26, 2025 bila kifungu hicho. Safari hii hapakuhitajika kwenda Mahakama ya Juu ili kifungu kianguke. Kiliangukia pale kilipostahili kuhojiwa tangu mwanzo, yaani katika kamati.

Kwa Watanzania, habari hizi si za mbali. Kenya, Tanzania na Uganda husoma bajeti zao siku moja mwezi Juni, na kodi inayobadilika upande mmoja wa mpaka hugeuza hesabu za mfanyabiashara wa Namanga au Holili siku inayofuata. Wengi wanaikumbuka pia tozo ya miamala ya simu iliyoanza nchini Tanzania Julai 2021, ambayo serikali iliipunguza kwa asilimia 30 miezi miwili baadaye kutokana na malalamiko ya wananchi. Kodi ilitangulia, maswali yakafuata.

Nchini Kenya, kila mwaka ifikapo Aprili 30 makadirio ya bajeti huwa yamefika bungeni, na wito wa maoni juu ya Muswada wa Fedha hutangazwa muda mfupi baadaye. Katika wiki hizo chache kabla ya Juni 30, mwananchi ana nafasi ya kuandika, kamati ina nafasi ya kusoma, na mbunge ana nafasi ya kuuliza. Mahakama ya Juu imesema Bunge halifungwi na Katiba kumjibu kila mmoja kwa maandishi. Yaliyotokea Juni 2024 yanaonyesha gharama ya kutomjibu.